Gari Lililowekewa Nadhiri

Jumatatu, tarehe sita Januari. Mvua nyembamba ilishuka kutoka milimani alfajiri, ikagongagonga bati la jiko langu, kisha ikaacha, na jua likatoka juu ya mji wetu wa Coamo, Puerto Rico, kana kwamba halikuona kitu. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya sufuria kubwa ya wali wa mbaazi. Siku ya Wafalme Watatu, wale walioifuata nyota hadi kwa mtoto Yesu, nyumba yetu haipumziki.

Sababu ni nadhiri. Mume wangu Chago alipokuwa mchanga alishikwa na homa iliyowakatisha watu tamaa, na mama yake, marehemu Doña Monserrate, akawaahidi Wafalme kwamba mtoto akipona, nyumba hii itawaimbia kila mwaka na kumlisha yeyote atakayepita mlangoni. Chago alipona, akanenepa, akawa fundi bomba. Mama yake alipofariki, nadhiri ikawa yake. Kwetu nadhiri haizikwi na aliyeiweka. Watoto huirithi kama wanavyorithi nyumba na majirani.

Migdalia aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba bakuli la ndizi mbichi zilizopondwa, za kufunga kwenye majani. Yeye na mumewe Fredo wanakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na kila alfajiri mimi na yeye husali rozari pamoja barazani. Siku hiyo uso wake ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho.

"Yadiel wa duka la magari amepiga simu," alisema kabla ya kunisalimu. "Atalishikilia mpaka kesho saa sita mchana. Baada ya hapo linakwenda kwa daktari wa meno wa Guayama."

"Daktari wa meno ana haja gani na gari la viti viwili?"

"Ile ile aliyo nayo Fredo. Ila yeye hana nadhiri."

Nikampa kisu, akaanza kukata majani.

Mtaani kwetu hakuna asiyeijua hadithi ya Fredo na gari. Alipokuwa kijana alikuwa na gari dogo la Kijapani, la zamani, alilolipaka rangi mwenyewe uani, na alilipenda kuliko alivyoupenda usingizi. Mwana wao Ariel alipozaliwa akaliuza, wakanunua gari la familia. Tangu hapo alikuwa akisema atanunua jingine, jipya, la michezo, lenye gia ya mkono na klachi. Ila kila toleo lilipotoka alilikuta na kasoro. Hili kiti chake kilikuwa juu mno, lile injini yake ilikuwa na sauti ya kijana anayebalehe. "Nasubiri toleo lijalo," alikuwa akisema, na Chago alikuwa akimjibu, "Fredo, Bwana atarudi kabla hujanunua."

Kisha alipofikisha miaka sitini mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka. Daktari alisema ni Parkinson, akaeleza kwa upole kwamba dawa zitapunguza mtetemeko lakini hazitauponya ugonjwa.

Siku ya Wafalme ya mwaka ule ndipo Migdalia alisimama sebuleni kwetu, mbele ya Wafalme wetu wadogo wa mbao juu ya farasi wao, watu wamejaa mpaka barazani. Akasema, "Wafalme watakatifu, tulizeni mkono wa mume wangu. Mpaka utakapotulia, gari analolitamani halitaingia nyumbani kwetu. Ukitulia, atawapakia ninyi ndani yake na kuwapeleka mji wa Juana Díaz, kwenye sherehe yenu." Wanawake walilia, na mimi nililia. Fredo aliutazama mkono wake, akasema amina.

Baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo, Chago aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwenzako ametoa ng'ombe wa mtu mwingine sadaka."

Nilimkemea. Lakini alikuwa amesema kweli. Kwetu unapowaomba Wafalme jambo kubwa, unatoa kile unachokipenda zaidi. Migdalia alitoa kile alichokipenda zaidi Fredo. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa ameishi naye miaka mingi hivi kwamba hakuona tena mpaka kati ya mali yake na ya mumewe, wala kati ya hamu yake na ya mumewe.

Miaka mitatu imepita tangu siku ile. Kila alfajiri tumeuombea ule mkono, barazani, shali mabegani. Mkono haukutulia. Mtetemeko ukapanda mpaka begani, na mwaka jana ugumu ukashuka kwenye mguu wa kushoto, ule wa klachi.

Ndipo ikaja habari kwamba toleo hili linafikia mwisho. Toleo lijalo litakuja baada ya mwaka mmoja, au miwili, hakuna aliyejua kwa hakika, na wengi walisema litakuwa otomatiki tupu, bila klachi. Gari la mwisho lenye gia ya mkono upande wetu wa kusini lilikuwa mjini Ponce, dukani kwa kijana Yadiel, la rangi ya njano. Ariel, ambaye anaishi Orlando, alisema hilo ni jambo jema sana: baba asubiri la otomatiki, mguu hautahitajika. Ilikuwa hoja nzuri. Sote tuliona ni hoja nzuri, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuipinga.

Jumamosi niliwapeleka Ponce. Leseni ya Fredo bado inatumika, lakini barabara kuu humchosha. Alisema anataka kulitazama tu, kama mtu anavyokwenda kumtazama mtoto wa jirani aliyezaliwa.

Yadiel alimfungulia mlango. "Karibu, Don Fredo. Ingia taratibu, kiti kiko chini."

"Naona. Unaingia kama unayeingia kaburini."

"Lakini hili lina redio, Don Fredo."

Fredo alicheka, akajishusha. Migdalia akakaa kiti cha pili, mkoba magotini, rozari ndani ya mkoba, mkono ndani ya rozari. Mimi nilibaki nje na Yadiel, jua likitupiga.

Gari liliwaka, likaruka kidogo, likazimika.

"Usiikanyage kama mende, Don Fredo," Yadiel alisema dirishani. "Klachi yake laini."

"Kijana, mimi nimekanyaga klachi kabla baba yako hajajua kuvaa suruali."

Likazimika tena. Yadiel akaacha kutania, akaanza kutazama viatu vyake. Nikamwona Fredo akiinama, akalishika paja lake la kushoto kwa mkono wa kulia, akaunyanyua mguu kama mtu anyanyuavyo mzigo wa mwenzake, akauweka juu ya klachi. Hakumtazama mtu. Gari likawaka, likasogea, likazunguka nyuma ya jengo, na tukabaki tunasikiliza. Gia ya kwanza. Ya pili. Kimya kidogo, kisha ya tatu, safi, kama mtu anayevuta pumzi.

Liliporudi, Fredo alikuwa anacheka kimya kimya, meno yote nje. Migdalia alikuwa amefumba macho. Nikatazama usukani: mkono wa kushoto ulikuwa umetulia. Ulikuwa umeshika usukani, mtulivu kama mkono wa mtu yeyote.

"Migdalia," nilisema, "fumbua macho. Tazama mkono."

Alifumbua, akatazama. Fredo naye akautazama. Akazima gari, akauachia usukani, akaulaza mkono magotini, na hapo hapo ukaanza tena.

Njiani kurudi, Migdalia alisema kutoka kiti cha nyuma, "Ulitulia. Nimeuona kwa macho yangu. Nadhiri ilisema mpaka utulie."

"Daktari alishatuambia," Fredo alisema. "Ukipewa kazi hutulia. Ukipumzika hutetemeka."

"Nadhiri haikusema utulie muda gani."

"Wafalme si mawakili, bibie. Usiwatafutie mwanya."

Tukapita mashamba ya ndizi. Kisha Fredo akasema, "Nitasubiri toleo lijalo."

"Lijalo halina klachi."

"Basi litanifaa zaidi."

"Ulisema gari la otomatiki ni friji yenye magurudumu."

"Nimezeeka. Siku hizi napenda vitu vya baridi."

Nilicheka, na yeye akacheka, lakini Migdalia hakucheka. Tulipofika kwenye taa za kuingia mjini, Fredo alizungumza tena, akitazama mbele. "Sikiliza, Migda. Nikilinunua sasa, ni kwamba tumewaambia Wafalme hawataweza. Na mimi nitakuwa nimejiambia hivyo. Nikisubiri lijalo, basi bado nina mwaka, bado nina miwili. Niache nisubiri."

Nilimwona Migdalia kwenye kioo. Angemwambia nini? Kwamba anunue sasa kwa sababu mguu hautangoja? Ni yeye aliyemfundisha kungoja. Angemwambia angoje, nalo la njano liende Guayama? Kila upande alioutazama, ukuta ulikuwa wa kwake mwenyewe.

Haya yote tuliyarudia jikoni Jumatatu ile, yeye akifunga ndizi kwenye majani na mimi nikikoroga wali.

"Jana nilimngoja Padri Nazario baada ya misa," alisema. "Nilimuuliza kama nadhiri inaweza kufutwa."

"Akasemaje?"

"Akasema aliyeweka nadhiri yake mwenyewe anaweza kuibadilisha, ila kwa kitu kisicho pungufu. Na kwa kuwa niliitamka mbele ya watu, niibadilishe mbele ya watu hao hao, wasije wakakwazika."

"Basi ni rahisi. Toa kitu kingine."

"Nilimwambia nitatoa nywele zangu." Alikigusa kisogo chake chenye nywele za kuhesabika. "Akanitazama kichwani, Iraida, akakohoa."

"Toa kahawa."

"Kahawa kwa gari? Wafalme watacheka mpaka waanguke farasini." Akafunga uzi kwenye jani, akaukaza mno, jani likachanika. Akalitupa, akachukua jingine. "Padri alisema, kisicho pungufu kwako wewe, Migdalia, safari hii kisiwe cha Fredo. Tangu jana natafuta. Nimezunguka nyumba nzima kama mwizi. Sina kitu ninachokipenda hivyo. Nina yeye tu, na siwezi kumtoa yeye."

Nilimwombea moyoni, na hata ombi lenyewe sikujua liombe nini. Nikikumbuka sasa, naona hiyo ndiyo ilikuwa hali yetu sote: tulikuwa na midomo, tulikuwa na imani, na hatukujua tuombe lipi.

Wageni walianza kuingia baada ya saa tisa. Wapiga gitaa walikaa chini ya dirisha, mzee anayepiga muziki kwa kukwaruza kibuyu akavua kofia, watoto wakafukuzwa jikoni. Fredo alikuja peke yake, taratibu, kamba za kiatu cha kushoto zikiburuta. Chago akapiga magoti mlangoni bila kuombwa, akamfunga kamba.

"Watu watadhani unanichumbia," Fredo alisema.

"Nikikuchumbia wewe nitataka gari la njano kwanza."

"Basi utazeeka bila mume."

Watu wakacheka. Hata Migdalia, aliyekuwa amesimama na sahani, alitabasamu kwa pembe ya mdomo.

Kabla nyimbo hazijaanza, simu ya Fredo ililia. Alikuwa Ariel. Fredo hawezi kuishika simu vizuri siku hizi, akaiweka mezani kwa sauti kubwa, na sebule nzima ikasikia.

"Naomba baraka, Baba."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Baba, usininunulie huzuni. Subiri la otomatiki. Ni akili ya kawaida tu."

"Wewe ulisubiri toleo lijalo ulipooa?"

"Baba, mke wangu yuko hapa anasikia."

"Msalimie. Mwambie nimesema hana kasoro."

Ariel alicheka, kisha akasema kwa sauti ya utani, na naamini ulikuwa utani, "Na hii nadhiri ya Mama, baadaye itakuwa yangu, au siyo? Nitakaa Orlando na watoto watatu, siruhusiwi kununua gari la viti viwili mpaka mkono utulie?"

"Usiwe na wasiwasi," Fredo alimwambia. "Mkono wangu utatulia siku moja. Siku hiyo utanunua unalotaka."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto mvua itakatika. Kibuyu kilikuwa kimeanza kukwaruzwa taratibu, kikaacha. Kila mtu alielewa ni siku gani mkono ule utatulia.

"Baba," Ariel alisema.

"Nenda ukale, mwanangu. Mungu akubariki."

Niligeuka kumtafuta Migdalia. Alikuwa bado na sahani mkononi, kipande cha nyama kikiteleza kuelekea ukingoni, naye hakioni. Nadhani ndipo alipoiona nadhiri yake yote kwa mara ya kwanza. Aliwaomba Wafalme wautulize mkono, na mkono ungetulia, hakuna shaka, na gari lingeruhusiwa kuingia nyumbani siku ambayo hakuna tena mtu wa kuliendesha.

Chago, kwa kutojua la kufanya, aliwaashiria wapiga gitaa. Waliimba ubeti wa kuwakaribisha Wafalme, na wa pili, wa nyota. Sauti zilikuwa nzuri mwaka huu. Wimbo ulipokwisha Migdalia aliiweka sahani juu ya redio, akapita katikati ya watu, akasimama pale pale aliposimama miaka mitatu nyuma, mbele ya Wafalme wa mbao. Mmoja wao alipoteza mkono zamani, na Chago hajawahi kumtengeneza.

"Migda, kaa chini," Fredo alisema.

"Nimekaa miaka mitatu."

"Tumeshakubaliana. Ninasubiri."

"Wewe umekubaliana na mimi?" Aligeuka. "Nilipoliweka gari lako hapa sikukuuliza. Leo nakuuliza. Nikiiondoa hii nadhiri, kesho utakwenda Ponce?"

Mkono wa Fredo ulikuwa mfukoni, pamoja na funguo za nyumba, na funguo zililia, zikalia.

"Ukiiondoa," alisema mwishoni, "utaweka nini mahali pake? Padri alikwambia kisicho pungufu. Nywele zako hazitoshi hata kwa gurudumu la akiba."

Hakuna aliyecheka, ingawa alitupa nafasi ya kucheka.

"Nitatoa alfajiri zangu," Migdalia alisema.

Mimi nilielewa kabla ya wengine, kwa sababu nimekaa naye alfajiri hizo zote, shali kwa shali. Nilitaka kumwambia asifanye hivyo. Nilitaka kumshika mkono. Lakini ni nani mimi, na ningempa nini badala yake? Nikabaki nimeegemea mlango wa jikoni.

Fredo naye alielewa. Uso wake ukabadilika, ukawa mtupu kama wa mtoto aliyeachwa mkono sokoni. "Na huu," alisema, akautoa mkono mfukoni na kuuacha utetemeke mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, "huu nani atauombea?"

"Hakuna."

"Hata Iraida?"

"Iraida aamue mwenyewe. Mimi, hapana."

Fredo alimtazama mkewe. Nilidhani atakasirika. Nilidhani atalia. Fredo aliutazama mkono, akautazama mguu wenye kamba alizofungiwa na mtu mwingine, kisha akaketi vizuri zaidi kwenye kiti.

"Basi kesho kabla ya saa sita nitakuwa kwa Yadiel," alisema. "Iraida atanipeleka. Kurudi nitarudi mwenyewe, hata likizimika kila taa." Akamwashiria Migdalia kwa kidevu. "Sema, basi. Sema watu wasikie."

Migdalia aliwageukia Wafalme, kisha akaona haitoshi, akatugeukia sisi. Sauti yake haikuwa kubwa. Wale wa barazani walisogea mlangoni.

"Mlionisikia mwaka ule, nisikieni tena. Nilitoa kilichokuwa cha mume wangu, na leo namrudishia. Mahali pake natoa kilicho changu. Sitauombea tena mkono huu utulie, wala mguu, wala alfajiri wala saa nyingine yoyote, mpaka Mungu atakaponiita. Nitashukuru tu kwa siku iliyopo. Na kesho, na kila siku atakayoweza kuikanyaga klachi, nitakaa kiti cha pili, na macho yangu yatakuwa wazi. Naahidi."